Biskuti za Baba na Ngozi ya Bahasha

12 Oktoba

Dk. Nikodemo, daktari wa mifugo, amenitaka niandike kila kinachoingia mdomoni mwa Bahasha. "Kila kitu, Mwalimu. Hata akilamba sufuria, andika." Nimechukua daftari moja la shule. Asubuhi: wali na mchuzi wa kuku uliobaki. Mchana: hakuna. Jioni: ukoko na vichwa vya samaki.

Bahasha ni mbwa wetu. Jina alipewa na Baba kwa ajili ya rangi yake, kaki kama zile bahasha za ofisini alizokuwa akiuza dukani. Siku hizi kaki imebaki mgongoni tu. Tumboni na kwapani manyoya yamepukutika, ngozi imewiva, na masikio yananuka kama maziwa yaliyochacha. Anajikuna mpaka anatoka damu. Mwezi uliopita daktari alidhani ni ukurutu wa wadudu, akamchoma sindano, haikusaidia kitu. Leo amekwangua ngozi na kuitazama kwenye hadubini. Hakuna mdudu.

"Sasa nashuku chakula," akasema. "Mzio. Mwili umeanza kukikataa kitu ambacho amekula miaka yote."

Mama aliposikia aliacha kupepeta mchele. "Mbwa wa Lindi," akasema, "ana aleji."

13 Oktoba

Wali, dagaa. Joto. Amejikuna.

14 Oktoba

Wali, supu ya ng'ombe. Amejikuna.

16 Oktoba

Daktari hakuniuliza habari za Baba, lakini bila Baba daftari hili halina maana.

Baba yangu, Dawoodbhai, aliuza vifaa vya shule katika chumba cha mbele cha nyumba hii tangu ujana wake. Sasa kichwa chake kinavuja. Yalianza kupotea majina, zikafuata siku, sasa ni njia. Hata hivyo kila asubuhi akishakunywa chai huvaa kofia, hushika mkongojo, hutoka kutembea, na Bahasha humtangulia. Wanakwenda sokoni, wanashuka mpaka ufukweni, wanarudi. Nimewafuata kwa siri zaidi ya mara moja. Baba akifika njia panda akasimama na kuanza kutazama huku na huku, Bahasha hugeukia upande wa nyumbani na kumngoja. Baba humfuata, akiamini kwamba yeye ndiye anayemwongoza mbwa.

Mimi nafundisha Kiswahili sekondari, nashinda shuleni mpaka alasiri. Mama, Zehrabai, magoti hayamruhusu kutembea. Kaka yangu Qasim yuko Dar. Kwa hiyo asubuhi za Baba ziko mikononi mwa mbwa, na mbwa mwenyewe anaoza ngozi.

Qasim amepiga simu jioni. Anataka wazee wahamie kwake. Ghorofa ya nne, lifti, geti, mlinzi. "Hatapotea tena mtu," anasema.

"Utamfungia ndani."

"Nitamlinda, Tahera. Wewe unamwachia mbwa mgonjwa."

Nikamuuliza mbwa atakwenda wapi. Akasema tu kwamba atakuja mwisho wa Desemba tukate shauri uso kwa uso.

20 Oktoba

Daktari ameeleza dawa yake. Si dawa, ni njaa ya aina fulani. Kwa miezi miwili Bahasha ale nyama moja ambayo hajawahi kuila, na wanga mmoja ambao hajawahi kuula, basi. Hakuna mabaki, hakuna mfupa wa jirani, hakuna hata tonge. Mwili ukitulia, ndipo tunajua ni chakula.

Tatizo ni kwamba Bahasha amekula kila tulichokula. Mama alihesabu kwa vidole: kuku, ng'ombe, mbuzi, mayai, changu, dagaa, dengu, ngano, mchele, muhogo. Akaishiwa vidole. Kisha akasema, huku akigeuza uso kama mtu anayetaja jambo la aibu, "Pweza."

Kweli. Katika madhehebu yetu samaki wa kuliwa ni mwenye magamba. Pweza hajapata kuvuka kizingiti cha nyumba hii. Na wanga tumepata viazi vitamu, ambavyo hatupiki kwa sababu vinamjaza Mama tumbo.

"Lakini si kwenye jiko langu," Mama akasema. "Wala sufuria zangu."

22 Oktoba

Nimenunua pweza kwa Naima, anayekuja na ndoo yake kutoka Mchinga kwa basi dogo la asubuhi. Alishangaa. "Leo mmeanza kula pweza nyumba hii?"

"Ni wa mbwa, dada."

"Mbwa wenu anakula vizuri kuliko mume wangu," akasema, akanichagulia mwenye mikono minene.

Nimempikia uani kwenye sufuria mpya, kwenye mafiga. Mama alifunga dirisha la jikoni. Bahasha alinusa, akanitazama, akala mpaka akalisogeza bakuli kwa ulimi.

24 Oktoba

Pweza, viazi vitamu, maji. Amejikuna.

25 Oktoba

Hivyo hivyo.

31 Oktoba

Hivyo hivyo. Mawingu yamekuja mchana yakaondoka bila tone. Mji mzima unanuka mabibo na vumbi la magari ya korosho.

6 Novemba

Naogopa kuandika, nisije nikaharibu. Masikio hayanuki. Nimeyanusa asubuhi, nikayanusa tena niliporudi shule. Tumboni kuna manyoya membamba kama ya kifaranga. Nimemwita Mama. Alisimama mlangoni, akashika pindo za nguo yake kama afanyavyo siku zote mbwa akiwa karibu, akatazama kwa mbali. "Kheri," akasema.

Wanafunzi wa kidato cha nne wako kwenye mtihani. Nimesimamia chumba cha mtihani nikiwaza tumbo la mbwa.

10 Novemba

Amejikuna usiku kucha. Sikio la kushoto limefura.

11 Novemba

Sikuelewa. Pweza, viazi, maji, hakuna kingine. Nimepekua uani: ganda, mfupa, chochote. Kisha nikamfikiria Abdala.

Abdala amepanga kile chumba cha mbele, anatengeneza simu. Ni kijana wa Rasbura, muziki wake hauzimwi, na tangu mwanzo amelalamika kwamba mbwa anawafukuza wateja. Kila mchana anakula chipsi kuku palepale barazani. Nilimwendea nikamwambia mbele ya watu kwamba anamtupia mbwa wetu mifupa.

Alizima muziki. "Mwalimu, shikamoo kwanza."

Nikaitika marahaba bila kumtazama.

"Mimi huyo mbwa namwogopa," akasema. "Nikila naingia ndani nafunga mlango. Ulizia mtu yeyote."

Sikuulizia mtu. Niliondoka nimekasirika, kwa sababu kama si yeye basi sijui nani.

13 Novemba

Amejikuna. Daktari ametoa dawa ya sikio.

15 Novemba

Nimejua.

Leo Jumamosi nilikuwa nafua. Mfuko wa kanzu ya Baba ulikuwa na kitu kama udongo mzito. Nikatoa kwa vidole, nikanusa. Biskuti. Nikashika kanzu nyingine. Biskuti. Ya tatu, chenga.

Nikamfuata barazani, Bahasha amelala miguuni pake. "Baba, unampa Bahasha biskuti?"

"Siku hizi namlipa," akasema. Akacheka kidogo, kama mfanyabiashara aliyepata bei nzuri. "Ananisindikiza. Mtu akikusindikiza utamwacha aende mikono mitupu?"

Nikamweleza. Nilipiga magoti nikamwonyesha tumbo, nikamwonyesha sikio. Alishika lile sikio kwa vidole viwili, taratibu, machozi yakamlenga. "Mimi nimefanya hivi?"

"Hukujua, Baba."

"Basi sitampa tena."

Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amekwishampa nyingine.

18 Novemba

Tumeficha biskuti zote za nyumbani. Ananunua sokoni. Nimewazungukia wenye maduka nikawaomba wasimuuzie. Wote wamekubali kwa adabu. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, mzee akinyoosha mkono, mimi ni nani nimnyime biskuti?"

19 Novemba

Amejikuna. Baba ameniuliza kwa nini mbwa anaumwa. Nimemweleza. Amelia tena, upya kabisa.

20 Novemba

Ameuliza tena. Nikasema ni joto.

22 Novemba

Mama ameshona mifuko ya kanzu zote. Alikaa dirishani na sindano tangu asubuhi, mshono mdogo mdogo, safi, kama alivyokuwa akishona nguo zetu za sikukuu.

Jioni Baba akitoka msikitini alisimama barazani mbele ya Bahasha. Mkono ukashuka ubavuni, ukatafuta, ukateleza. Ukarudi ukatafuta tena. Bahasha aliketi, amenyanyua uso, anangoja. Baba akatazama mkono wake kama si wake. Nilikuwa dirishani na Mama. Mama aliinuka akaenda jikoni kufungua bomba, akaacha maji yamwagike bure.

26 Novemba

Masikio yote mawili sasa yanatoa usaha. Daktari amekata ndoo ya plastiki kitako, akamvika Bahasha shingoni asijikune, na amesema asitoke mpaka yapone. Tumemfungia stoo nyuma ya nyumba.

Na Baba je? Nikamwambia Mama afunge komeo la mlango wa mbele asubuhi mpaka nitakaporudi. Hivi ndivyo nilivyomwambia Qasim kwamba yeye anataka kufanya.

29 Novemba

Baba anashinda mlangoni, amevaa kofia. Anasema duka limechelewa kufunguliwa. Bahasha analia stoo. Joto halisemeki, mawingu yamejaa mpaka baharini na hayataki kunyesha.

2 Desemba

Naandika ya leo polepole, nisije nikayachanganya.

Mama aliingia kusali. Alikuwa amefunga komeo, ana hakika. Lakini Baba amefunga na kufungua mlango ule maisha yake yote, mikono yake inaujua hata kama kichwa hakiujui. Mama alipotoa salamu akaona mwanga ukumbini.

Alinipigia simu darasani. Hakusema jina langu. Alisema tu, "Mlango uko wazi."

Nilipofika nyumbani kwa bodaboda, mvua ilikuwa imeanza, ile ya kwanza, matone mazito yanayonuka vumbi. Abdala alikuwa barabarani tayari, ameshafunga ofisi yake, ameshafika sokoni na kurudi. Amelowa. Sikuwa nimesema naye tangu siku ile ya mifupa.

"Sokoni alipita," akasema. "Ufukweni hakufika. Nimeulizia wote." Kisha akanitazama. "Mwalimu, mtoe huyo mbwa."

"Unamwogopa."

"Namwogopa. Mtoe."

Nikafungua stoo, nikamvua Bahasha ile ndoo. Hakungoja kamba. Alipita kati yetu akatoka, pua chini, mvua inampiga kwenye vidonda, sisi nyuma yake kwenye pikipiki ya Abdala. Alikwenda sokoni. Alizunguka maduka mawili matatu. Kisha akaelekea mahali mabasi madogo yanapopakia abiria, akazunguka pale mara nyingi, akaketi kwenye dimbwi na kuanza kubweka kutazama barabara. Hapo harufu ilikuwa imekwisha. Alikuwa ametuambia alilokuwa nalo.

"Amepanda gari," Abdala akasema.

Gari gani? Mchinga, Mtama, Mtwara, Masasi, yote hupakia hapohapo. Wapiga debe hawakukumbuka. Mvua ilipoanza kila mtu alikimbilia ndani ya gari lolote. Nilimpigia Qasim. Sikumbuki nilichosema. Nakumbuka alisema, "Nilikwambia," kisha akaanza kulia, mwanamume mzima, kwenye simu, na mimi nikawa ndiye ninayembembeleza huku natazama kila gari linalopita.

Kisha simu ikaita, namba nisiyoijua.

"Mwalimu Tahera? Mimi Agnes. Ulinifundisha kidato cha pili, nilikuwa nakaa dirishani."

Niliziba sikio la pili, mvua isinipoteze sauti yake.

"Niko Mingoyo, nauza korosho hapa njia panda. Mzee wako yuko kwangu. Yuko salama, amelowa tu. Anasema anatafuta duka."

Tulikwenda kwa gari la kukodi, Abdala mbele, mimi nyuma na Bahasha aliyelowa mapajani mwangu. Dereva aliponuna kwa sababu ya mbwa, Abdala alimwambia jambo ambalo sikulisikia, naye akawasha gari. Baba alikuwa ameketi chini ya turubai la Agnes, amefunikwa kanga, korosho za kubangua zimemzunguka kama wageni. Alipotuona hakunitambua haraka. Alimtambua Bahasha. Akautoa mkono wa kulia kifuani chini ya kanga, na mkononi, kimefichwa kisilowe, kilikuwa kipakiti cha biskuti.

"Nimekuletea," akamwambia. "Kule kwetu wamekataa kuniuzia."

3 Desemba

Mama amefumua mifuko yote. Nimemkuta asubuhi, nyuzi nyeupe zimetapakaa mapajani.

"Mimi siwezi kumfundisha baba yako asipende," akasema. "Tafuta kitu cha kutia humu."

4 Desemba

Nimekwenda kumwomba radhi Abdala. Aliendelea kufungua simu ya mtu kwa bisibisi ndogo. "Yameisha, Mwalimu," akasema. Baadaye akaongeza, bila kuinua kichwa, "Ila bado namwogopa."

7 Desemba

Shule zimefungwa, nina asubuhi zangu. Natembea na Baba mimi mwenyewe; Bahasha anabaki uani na ndoo yake shingoni.

Nimekausha vipande vya pweza kwenye kamba jua lilipotoka, nikamtilia Baba mfukoni. Ni chakula kilekile, nikawaza, hakiwezi kumdhuru mbwa. Baba akampa Bahasha kimoja. Cha pili akakitia kinywani mwake mwenyewe.

Mama alikuwa karibu kuliko mimi. Alikimbia na magoti yale, akatia kidole kinywani mwa mume wake kama kwa mtoto mchanga, akakitoa. Baba aliona haya, akafuta midomo kwa kiganja, hakujua kosa lake. Mama akamletea maji asukutue. Alisema naye polepole, hakumkaripia.

Kwa hiyo sasa najua ninachotafuta. Kiwe kitu cha mbwa kisichowasha, na kiwe halali kwa Baba, laini kwa meno yake, kisimkabe. Maana hawezi kutofautisha tena yake na ya mbwa.

9 Desemba

Nimejaribu nazi ya kukausha. Bahasha ameharisha. Nimemuuliza daktari kuhusu korosho, kwa kuwa mji mzima umejaa korosho. Akasema mafuta mengi, zitamuumiza tumbo vibaya, na zimewahi kumkaba mtu mwenye afya kuliko Baba.

12 Desemba

Qasim ametuma kifurushi kwa basi. Ndani kuna pakiti ya vitafunio vya mbwa kutoka nje, picha ya mbwa anayecheka, na maandishi makubwa kwamba haviwashi mbwa mwenye mzio. Ameandika karatasi: "Nimeuliza duka tatu. Nimeambiwa hivi ndivyo bora." Nimeisoma mara mbili. Nilikuwa nimemhesabu kuwa mtu anayetaka mbwa afe.

Nikampa Bahasha kimoja palepale, kwa furaha.

13 Desemba

Amejikuna. Tumbo jekundu.

14 Desemba

Nimechukua miwani ya Baba ya kusomea, nikasoma maandishi madogo nyuma ya pakiti. Nyama ya bata, njegere, viazi. Chini kabisa: mafuta ya kuku. Mbele wameandika haviwashi, nyuma wameandika kuku. Nimempelekea daktari. Alisoma, akapiga ulimi. "Basi tumejua jambo moja bila kukusudia," akasema. "Kuku hamfai. Ngano ya biskuti bado hatujui, na sikushauri ujaribu sasa. Kuanzia leo usiamini uso wa pakiti."

Nikampigia Qasim kumshukuru. Sikumwambia.

15 Desemba

Mvua.

16 Desemba

Mvua. Amejikuna. Baba anaita "Bahasha" mlangoni, jina hilo hajalisahau.

17 Desemba

Mama ndiye aliyelisema, akiwa anakunywa chai. "Viazi anavila kila siku wala havimuwashi. Kwa nini unahangaika na maduka?"

Kweli havijamuwasha tangu siku ya kwanza. Nilivihesabu kuwa chakula, sikuvifikiria kuwa zawadi.

Nikachemsha kidogo, nikavikata vipande vyembamba, nikavianika kwenye ungo juu ya bati, nikavifunika chandarua. Mvua ikanyesha kabla sijashuka ngazi.

18 Desemba

Nimevianika tena. Vimeota ukungu wa kijani pembeni. Nimevitupa vyote. Daktari amesema ukungu ni sumu kuliko biskuti.

20 Desemba

Leo Mama aliniita jikoni. Jikoni kwake, pale pasipoingia chochote cha mbwa. Alikuwa amefungua ile oveni anayookea nankhatai, zile biskuti za sikukuu, moto mdogo kabisa, mlango ameuegesha kwa mwiko. Trei mbili za viazi vitamu. Amevikata sawasawa, vyembamba, kila kimoja urefu wa kidole.

"Trei zako, Mama?"

"Viazi si najisi," akasema. "Na mbwa hali kwenye trei."

Vilikauka mpaka magharibi. Alichukua kimoja, akakiuma kwa jino la pembeni, akatafuna kwa makini, akatikisa kichwa. "Bado. Kitamnasa kooni." Akavirudisha. Sikujua alikuwa anamsema Baba au Bahasha.

21 Desemba

Vipande sita mfukoni mwa Baba. Vitatu amekula Bahasha, viwili amekula Baba, kimoja amempa Abdala, ambaye alikipokea kwa mikono miwili.

23 Desemba

Hajajikuna.

24 Desemba

Hajajikuna. Nimeamka mara kadhaa kusikiliza.

26 Desemba

Masikio makavu. Daktari amevua ndoo. Leo wametoka wawili tena, Baba na mbwa wake, mimi nyuma kwa mbali. Pale njia panda Baba alisimama kwa muda mrefu kuliko zamani. Bahasha alirudi akamgusa goti kwa pua. Zamani ilitosha kugeuka tu.

Nimeona hilo. Sitajidanganya kwamba sikuona.

29 Desemba

Qasim amefika. Baba alimsalimia kwa heshima kubwa, kama mteja mgeni, akamuuliza anatafuta daftari za kurasa ngapi. Qasim alijibu vizuri, kisha akaenda kusimama uani, ameupa mgongo mlango.

Mwili wa Bahasha haujajaa manyoya bado, ila wekundu umekwisha. Qasim alimtazama. "Ni vile vitafunio vyangu?"

"Vilisaidia kujua," nikasema. Si uongo.

2 Januari

Tumegombana, mimi na Qasim, kwa sauti ndogo ili wazee wasisikie. Amesema Mingoyo. Kila nikisema neno anasema Mingoyo. Amesema siku nyingine hatakuwapo Agnes. Nimesema najua. Amesema mbwa si mlinzi, ni mnyama. Nimesema najua na hilo.

Mama aliingia na trei. "Mimi hamkuniuliza," akasema. "Kule kwako, Qasim, baba yako atamsahau mbwa kwa wiki moja. Kisha atanisahau mimi, maana atakuwa hana pa kwenda na hana anayemrudisha. Hapa kila siku anarudi nyumbani. Anafurahi kufika. Nataka nimwone akifika, muda wote atakaoweza."

Qasim akainamisha kichwa.

3 Januari

Qasim ametoka asubuhi nyuma ya Baba na Bahasha. Sikwenda. Nilikaa nakata viazi na kutazama mlango. Walipokawia nikamenya vingine. Kisha nikasikia mkongojo.

Qasim aliingia mwisho, viatu mkononi, suruali imelowa. Alisema, "Alimngoja kila kona."

5 Januari

Tumekubaliana. Hawahami. Shule ikifunguliwa, Abdala atatembea nyuma yao asubuhi, kwa umbali ule anaoutaka mwenyewe. Mama amemwambia hatadaiwa tena kodi ya chumba. Abdala amesema atatembea, na kodi atalipa. Qasim atakuja kila mwisho wa mwezi. Na siku ambayo pua ya Bahasha gotini haitatosha tena, tutakaa upya, bila kugombana. Hilo la mwisho mimi ndiye niliyelisema.

6 Januari

Qasim ameondoka leo. Begi lilikuwa mlangoni, mvua imekatika, barabara inang'aa. Baba alikuwa barazani amevaa kofia, Bahasha miguuni.

"Kijana, safari ya wapi?" akamuuliza mwanawe.

"Dar, Baba."

"Mbali." Mkono wa Baba ukashuka mfukoni, ukakuta, ukatoka na kipande cha kiazi. Akakitazama kwanza, akakifuta chenga. "Chukua ule njiani. Hivi haviwashi."

Sikujua kwamba alijua. Sijui alikiweka wapi kichwani mwake neno hilo, kati ya yote yaliyovuja.

Qasim alikipokea akakila palepale, amesimama, polepole, mpaka kikaisha. Kisha akamgeukia Mama, akamwomba amfungie na vingine vya kwenye basi.

"Vimebaki vya mbwa tu," Mama akasema.

"Basi nifungie hivyo hivyo."